Maneno Matano kwa Bei ya Kadi

Baba yangu alikuwa tarishi katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Kila siku ya kazi alichukua barua za wakubwa wake akazipeleka posta, akarudi na zilizoingia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote, lakini ukimsikia akiongea ungedhani stempu zilibuniwa na yeye. Ndani ya mlango wa kabati letu la vyombo alikuwa amebandika karatasi ya bei za posta, na bei zikipanda alibandua ya zamani na kubandika mpya kwa uji mzito. Majirani zetu walikuwa na kalenda za kanisa ukutani. Sisi tulikuwa na bei za posta.

Hii ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga Kitengela, chumba kimoja chenye pazia katikati, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, na bomba moja lililotoa maji siku likijisikia. Sisi ni watu wa magharibi. Kitengela tulifuata kazi ya Baba. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, na nililala nyuma ya pazia na wadogo zangu wawili ambao walipiga mateke usiku kucha. Kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa chumba chenye mlango.

Kwa sababu ya ile karatasi ya kabatini, nikiwa na miaka kumi na tano nilijua mambo ambayo hayajanifaa popote hadi leo. Nilijua gazeti linakwenda kwa bei ya chini ukilizungushia ukanda wa karatasi na kuacha ncha zote mbili wazi. Nilijua vitabu vina bei yao, mradi kifurushi kifungwe kwa kamba inayofunguka, si kwa gundi. Nilijua maandishi ya vipofu, yale ya vidoti vya kupapasa, yanakwenda bure kabisa, na Baba alipenda kulisema hilo mbele ya wageni kana kwamba wazo lilikuwa lake. Na nilijua kadi ina bei ya kadi: bahasha isibandikwe, mdomo wake ukunjwe tu ndani, na kwa mkono usiandike zaidi ya maneno matano ya salamu. Ukizidisha, au ukibandika bahasha, hiyo ni barua. Italipiwa kama barua, na usipolipa wewe atatozwa anayeipokea.

"Kitu cha bei ya chini," Baba alituambia, "ni kile karani anaweza kukifungua akaona hakina siri. Siri ndiyo inalipiwa."

Alisema hivyo kila mara, akiinua kidole. Na alimaanisha, wacha nikwambie. Kuna siku Mama alitaka kumtumia binamu yangu vitabu vyangu vya shule ya msingi, huko magharibi kwa kukhu, nyanya yetu, na katikati ya kurasa za kitabu cha hesabu akachomeka barua ya kwenda kwa dada yake. Ukurasa mmoja tu, habari za nyumbani. Baba alikipeleka kifurushi, na pale kaunta, kwa sababu hakuweza kujizuia, akakifungua mwenyewe kumwonyesha karani jinsi kilivyo safi. Barua ikaanguka. Alirudi nayo nyumbani mkononi, akaiweka mezani mbele yetu sote.

"Huu ni wizi," alimwambia Mama. "Unataka nifutwe kazi kwa ajili ya umbea?"

Mama alilia, si kidogo. Nami nikamwona Baba mtu mkubwa kabisa, mtu ambaye hawezi kudanganya hata stempu. Mjinga mimi.

Mwezi wa Oktoba ulikuwa mwezi wangu. Kama ulisoma Kenya wakati huo unajua kadi za sakses: mtu akiwa anakaribia mtihani wa mwisho, ndugu, majirani, watu wa kanisani, hata yule wa duka, wote wanamtumia kadi ya kumtakia heri. Shuleni majina yalisomwa gwarideni, na aliyeitwa mara ishirini alirudi mstarini akitembea kama mbunge. Ambaye hakuitwa kabisa alitazama viatu vyake. Watu walikopa ili mtoto wao aitwe. Sasa kwa kuwa niko na mwandiko mzuri, na kwa kuwa nilizijua bei, ploti nzima ilikuja kwangu. Nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango, kalamu mkononi, nikiwaambia watu wazima, "Maneno matano tu, mama. Hilo la sita litakugharimu." Nilijisikia karani.

Mwanamke aliyetuletea maziwa tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, na sijawahi kumwita jina lingine. Nyumba yake ilikuwa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu, kwenye ardhi ya mume wake iliyoshuka mpaka mtoni. Alifika saa kumi na mbili asubuhi na madebe mawili, akasimama mlangoni.

"Takwenya!"

"Iko!" nilijibu, na hicho kilikuwa karibu Kimaasai changu chote. Yeye alicheka kila siku, kana kwamba nimesema jambo jipya. Hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemwandikia barua za msichana wake, mtoto wake wa kwanza, ambaye alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni ya mbali. Alikuwa amechelewa kuanza shule, kwa hiyo alikuwa na miaka ishirini na kitambulisho chake. Majibu yake pia nilimsomea Yeyo mimi. Ndiyo maana aliniita mwalimu. "Mwalimu, maziwa yako." "Mwalimu, mama yako ako?" Nilipenda jina hilo kupita kiasi.

Mwaka huo alikuja alasiri, si asubuhi, na kadi aliyonunua sokoni, yenye picha ya bundi amevaa kofia ya kuhitimu. Akaketi chini kando yangu, miguu ameinyosha.

"Mwalimu, andika hivi. Mwambie nimesalimia yeye. Mwambie ile ng'ombe yake imezaa. Mwambie baba yake anauza hii shamba, yote, mpaka kwa mto. Bodi itakaa Kajiado Alhamisi, ile ya kwanza akimaliza mtihani. Asiende kwa shangazi yake Loitokitok vile tulipanga. Akuje nyumbani moja kwa moja."

Nilikuwa nikiandika mbio kwenye karatasi ya daftari. Nikamuuliza kwani yeye mwenyewe hawezi kukataa. Kwetu hapa mtu hauzi ardhi ya familia hivi hivi tu. Bodi ya ardhi inakaa, inamwita mke na watoto wenye vitambulisho, na kuwauliza mmoja mmoja kama wamekubali. Yeyo alikuwa na haki ya kusema hapana. Alijua.

"Naweza," alisema. "Lakini nikisema hapana peke yangu, jioni narudi nyumbani na nani? Si na yeye? Huyu msichana ako na kitambulisho, na ako na mdomo. Tukiwa wawili nitasema."

Simu ya shule ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na aliyejua kuipiga katika nyumba ile alikuwa mume. Nauli ya kwenda na kurudi ingeulizwa ni ya nini. Kwa hiyo aliweka yote mikononi mwangu, akainuka, akajipangusa vumbi, akasema atapita kesho kutwa kujua kama imeenda.

Wacha sasa niseme kile ambacho nimekizunguka miaka yote hii. Nilijua. Sitajifanya mtoto asiyejua kitu. Wiki mbili kabla ya hapo, Baba alikuja jioni na dalali wa ploti, wakaongea mbele ya pazia nami niko nyuma ya pazia, na pazia halijawahi kuzuia sauti. Ardhi ya chini kwa mto, alisema dalali. Mzee amekubali, itakatwa ploti, bodi ikikaa tu tumemaliza. Baba alikuwa tayari ametoa malipo ya kwanza kwa mkopo wa ushirika. Dalali alipoondoka, Baba alichukua chaki yangu akachora sakafuni: sebule hapa, jikoni hapa. Halafu akachora mraba mdogo pembeni.

"Na hapa ni pa msichana. Na mlango wake."

Nilisimama ndani ya ule mraba. Wadogo zangu wakaruka ndani wakasukumwa nje, nikawaambia hiki ni changu. Chaki ilikaa siku nne kabla Mama hajaipiga deki.

Basi Baba aliporudi jioni ya ile siku ya kadi, nilimpa ile karatasi. Sijui nilitaka afanye nini. Labda nilitaka awe yule mtu wa barua ya kitabu cha hesabu.

"Baba, hii ni ya Yeyo wa maziwa. Ni ndefu, itabidi iwe barua. Nipe stempu ya barua niongeze."

Alisoma amesimama, koti bado mwilini. Akasoma tena. Akamtazama Mama, na Mama akatazama sufuria.

"Ameleta nini, kadi au barua?"

"Kadi. Lakini nikibandika bahasha na kuongeza stempu..."

"Kadi ni kadi," alisema. "Maneno matano. Ukijaza haya yote shule itatozwa, shule haitalipa, na kadi itarudi. Unataka msichana wa watu akose kadi ya mama yake?"

"Si tutalipa hapa, Baba? Tofauti ni kidogo."

Ilikuwa kidogo kweli. Haikutosha nusu mkate.

"Nimesema kadi ni kadi. Haya mengine nitaandika mwenyewe, barua kamili, niipeleke kesho." Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

Nilichukua kadi ya bundi. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Mungu akubariki katika mtihani. Mama.* Nilihesabu kwa ncha ya kalamu. Matano kamili. Nikakunja mdomo wa bahasha ndani bila kuubandika, kama inavyotakiwa, na asubuhi Baba akaondoka nayo. Hiyo aliipeleka. Kwa hiyo hakuwa mwongo mtupu, alikuwa mwongo wa kupima.

Kesho kutwa Yeyo alikuja na madebe yake.

"Mwalimu, iliandikwa?"

"Iliandikwa, Yeyo."

"Yote?"

"Yote."

Alifurahi mpaka akanishika kichwa kwa kiganja, vile wanavyowasalimia watoto. Akanimiminia nusu kikombe cha ziada, akasema hii si ya mama, hii ni ya mwalimu. Nilikunywa. Nakumbuka yalikuwa bado na joto la ng'ombe, na nilikunywa yote mpaka povu.

Jumamosi ya wiki hiyo nilikuwa bombani nikifua. Shati la Baba lilikuwa kwenye beseni, na mfukoni nikahisi kitu kigumu. Nikakitoa. Ilikuwa ile karatasi ya daftari, imeshalowa, wino umekimbia, lakini neno Alhamisi bado lilisomeka na neno mto. Hakuwa ameandika barua yoyote. Hakuwa hata ameitoa mfukoni.

Nilisimama pale na sabuni mikononi. Wanawake wengine walikuwa kwenye foleni ya maji, wakanipigia kelele, "Wewe, unaota? Sogea!" Zilikuwa zimebaki wiki nne mtihani uishe. Wiki nne! Barua kutoka kwetu ilifika shule ile kwa siku tatu, zikizidi sana tano. Kalamu nilikuwa nayo, anwani nilikuwa nayo kichwani, na hata stempu ningeipata, kwa sababu Mama alikuwa na mbili ndani ya Biblia yake. Nilichofanya ni hiki: niliikamua ile karatasi pamoja na povu, ikawa donge, nikaitupa mtaroni. Halafu nikasuuza shati.

Alhamisi ya bodi Baba aliomba ruhusa kazini akaenda Kajiado na wanunuzi wengine. Alirudi na nyama kilo mbili na soda, jambo ambalo kwetu lilikuwa la Krismasi. Alisimulia akitafuna.

"Walimuuliza yule mama, unakubali? Akanyamaza. Wakamuuliza tena. Akawa anaangalia mlango tu, kama kuna mtu anamngoja. Mwenyekiti akasema, mama amenyamaza, kunyamaza ni kukubali, andika. Dakika mbili tu."

Mama aliweka kipande chake cha nyama sahanini akasema ameshiba. Mimi nilikula. Nilikuwa najua Yeyo alikuwa anamngoja nani mlangoni, na nilikula, na nikaomba mchuzi.

Yeyo hakukoma kuleta maziwa. Alikuja, aliposalimu alisalimu kwa sauti ndogo, akapima, akaondoka. Hakujua kwamba mmoja wa wanunuzi ni sisi. Dalali ndiye aliyekuwa akionekana kule. Siku moja tu aliniuliza, "Mwalimu, huyu msichana hakuandika?" Nikasema hakuandika.

Msichana alirudi kutoka Loitokitok siku chache kabla ya Krismasi, akakuta vigingi vya saveya vimepigwa kuanzia barabarani mpaka mtoni. Jioni hiyo hiyo walikuja kwetu, yeye na mama yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Nilikuwa nimemwandikia miaka miwili kwa jina la mtu mwingine. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa sweta ya shule bado, na mkononi alikuwa na kadi ya bundi. Baba alikuwa ameketi, gazeti limefunguliwa. Mama alitoa viti, hawakuketi.

"Shikamoo, baba," msichana alisema, kisha akanigeukia. "Wewe ndiye unamwandikia mama?"

"Ndiyo."

"Anasema alinitumia maneno ya bodi. Mimi nilipata hii tu." Akaifungua kadi mbele ya uso wangu. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli. "Hebu msomee. Mimi nikimsomea anasema nadanganya."

Nikasoma. Mungu akubariki katika mtihani, Mama. Yeyo alikuwa amenikazia macho, akingoja yaendelee. Nilipofunga kadi akasema, "Na ile ingine?"

Baba ndiye aliyejibu, kutoka nyuma ya gazeti, kwa upole.

"Hiyo ingine ilienda kama barua. Kadi huwa haiwezi kubeba maneno mengi."

"Sikupata barua," msichana alisema.

Sasa hapo, kama ni mtu mwingine yeyote, angesema labda imepotea. Ingekuwa uongo, lakini uongo wa huruma. Mama na mtoto wangerudi nyumbani wakiilaani posta, wakiwa pamoja. Nilimtazama Baba nikimwomba kimoyomoyo aseme hivyo. Na nadhani alitaka. Lakini Yeyo akasema, "Baba Mwalimu, wewe si hutuambia barua yako haipotei?" Ndiyo, alikuwa akituambia. Ploti nzima ilikuwa imesikia. Na yule mzee wa stempu, jamani, alishindwa kumeza hilo. Aliweza kula ardhi ya mtu, lakini hakuweza kusema barua imepotea mkononi mwake.

"Mama, miaka kumi na tatu," alisema, akikunja gazeti. "Barua iliyopita mkono huu haijapotea hata moja. Hiyo nilipeleka mwenyewe. Kama imefika shule na mtu akaiweka kando, hayo mimi siyajui."

Wote wakamgeukia msichana.

"Mwalimu," Yeyo aliniuliza mimi, polepole. "Wewe uliandika?"

"Niliandika," nikasema.

Na ilikuwa kweli, si ndiyo? Niliandika kwenye karatasi ya daftari, kila neno lake, mpaka ng'ombe aliyezaa. Sijawahi kusema ukweli mchafu kuliko huo.

Yeyo alimwambia msichana wake jambo kwa Kimaasai, maneno machache. Msichana akajibu kwa sauti ya juu, akapiga kadi kwa kiganja, akaanza kulia kwa hasira, ile ya mtu anayejua hana hatia na hana shahidi. Mama yake hakumtazama. Aliokota debe lake, akatuaga kwa heshima, akatoka mbele. Msichana alikuja nyuma kwa hatua kama kumi. Niliwaona kutoka mlangoni mpaka walipopinda kwenye duka la mkaa, na hizo hatua kumi hazikupungua.

Mama yangu alisema neno moja tu usiku huo, akimwambia Baba huku amempa mgongo. "Afadhali ile barua yangu ya kitabuni."

Tulihamia kwenye nyumba yetu baada ya miaka michache, vyumba vitatu vya mawe, mabati mapya, na chumba cha pembeni chenye mlango na komeo. Dirisha langu lilitazama chini mtoni. Upande wa pili wa ua wa waya palikuwa na kipande kidogo alichobakiziwa Yeyo, nyumba yake na zizi, na ng'ombe wachache ambao hawakuwa na njia ya kwenda majini isipokuwa kuzunguka ploti zote hizi. Alipojua sisi ni nani kule kwenye ploti yake, nilingoja atutukane. Nilitaka atutukane! Alikuja hadi kwenye waya siku ya kwanza, akatazama nyumba, akaniona.

"Mwalimu," alisema. "Ni wewe? Afadhali ni wewe."

Nilifunga dirisha nikakaa kitandani. Chumba kilikuwa kinanuka rangi na kilikuwa changu peke yangu.

Msichana alipata chuo cha ualimu, akapangiwa shule upande wa Loitokitok, akaolewa huko huko. Alirudi kwa mama yake mara chache, akija asubuhi na kuondoka jioni, bila kulala hata usiku mmoja. Mimi nilifanya kazi Nairobi, nikaacha, nikarudi kuwatunza wazazi. Simu za mkononi zikaja, na za Yeyo nilikuwa nikimpigia mimi, tukiwa tumesimama kwenye ua wa waya, yeye akishika simu yangu mbali na sikio kama kitu cha moto. Hakuwahi kuniomba nimpigie mtoto wake. Nilimwuliza mara moja, nikasema, Yeyo, tumpigie? Akasema, "Yule alipata barua yangu akaenda kwa shangazi. Wacha akae kwa shangazi."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Miaka hiyo yote nilikuwa namwona kila asubuhi, sentensi moja tu ingetosha, na kila asubuhi nilikuta kuna sababu: Baba bado yuko hai, hati ya ardhi bado haijatoka, Mama ana presha, leo Yeyo anaumwa miguu. Hati ikatoka. Sababu hazikuisha.

Yeyo alikufa mwaka ule wa ukame, ng'ombe walipokuwa wakianguka hata kando ya lami. Tulimzika hapo hapo kwenye kipande chake, na umati ulikuwa mkubwa mpaka watu wakasimama upande wetu wa waya, kwenye mboga za Mama. Nilisaidia kupakua wali. Msichana wake, ambaye sasa ni mwanamke wa umri wa makamo na miwani, alikuja kwenye foleni, akapokea sahani, lakini hakusogea.

"Wewe ulikuwa unamwandikia mama," alisema.

"Ndiyo. Pole sana, dada."

"Nilikuwa naye wiki ya mwisho hospitali. Nilimwambia tena, mama, sikupata barua. Nikamwapia kwa watoto wangu." Akaangalia wali. "Akanipapasa mkono, akasema basi, nimekusamehe. Unaelewa? Alinisamehe. Amekufa akijua nilipata."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na watu wana njaa. Nikamwongezea wali, nikasema tena pole sana, dada, na akasogea.

Nilipoingia nyumbani Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani. Amekuwa mzee, masikio hayasikii vizuri. Nikamwambia wamemaliza kumzika. Akasema, "Alikuwa mama mzuri," kisha akaniuliza kama nimemletea gazeti. Nilipita bila kumjibu, nikaingia chumbani kwangu, nikakomea mlango. Nikatoa karatasi na kalamu, sijui kwa nini, mkono ulikuwa unataka tu kufanya kazi yake ya zamani. Siku zote nilikuwa nimejiambia kwamba haikuwezekana, kwamba maneno ya Yeyo yalikuwa mengi na kadi ina sheria zake. Nikaandika mstari mmoja, nikauhesabu kwa ncha ya kalamu kama nilivyokuwa nikifanya kwenye kigoda. *Njoo nyumbani kabla ya Alhamisi.*

Nikahesabu tena. Karani hangejali kama ni salamu au si salamu. Angehesabu tu, na angepata matano. Ingekwenda kwa bei ya kadi, bahasha wazi.